Mtandao wa Marehemu Gidamis

Clement Tluway aliandika barua kumi na tisa kwenda makao makuu ya kampuni yao ya simu kule Dar es Salaam, na kama kuna mtu aliyezisoma, basi mtu huyo ana roho ngumu sana. Barua zote zilisema jambo moja. Zilisema kwamba kule nyikani Gehandu, mahali ambapo kampuni inaamini wanaishi watu mia nne, haishi hata paka. Pana kaburi tu. Na kaburi hilo linapata mtandao mzuri kuliko zahanati.

Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza utacheka. Mji mzima wa Katesh, alikofanyia kazi, ulicheka. Clement alikuwa hacheki, na wenzake walijifunza kunyamaza anapoingia ofisini huku ameshika kofia yake ya pikipiki mkononi namna ile, kama anatafuta mtu wa kumpiga nayo.

Sababu anayo, ila haisemi kwa kila mtu. Alizaliwa Daudi, huko juu Mbulu kwenye baridi na vitunguu saumu. Mwaka wa mvua za elinino, alipokuwa na miaka kumi na saba, dada yake Efrazia alishikwa na uchungu wa kuzaa huku barabara ya kwenda Mbulu mjini imekatika. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni lakini nani angejua? Mkunga wa kijiji alipapasa, akasema bado kidogo, akapapasa tena, akasema bado kidogo. Simu ilikuwa moja, ya misheni, na nguzo zake zilikuwa zimelala kwenye matope tangu wiki iliyopita. Wakambeba Efrazia kwenye kitanda cha kamba. Clement alishika mguu mmoja wa nyuma. Njiani dada akamuuliza, "Clement, tumefika wapi?" Akamjibu, "Tumekaribia, dada," na walikuwa hawajafika hata nusu. Efrazia na mtoto wake hawakufika kabisa.

Basi. Serikali iliporuhusu kampuni binafsi za simu na minara ikaanza kusimama kila kilima, Clement alikimbilia huko kabla hata hajajua mshahara. Mwaka ambao Manyara ilikatwa kutoka Arusha ikawa mkoa, yeye alikuwa anachimba mashimo ya misingi ya minara. Baadaye akawa anaipanda. Magoti yalipochoka, kampuni ikampa pikipiki na kumfanya fundi wa kuzunguka, kuanzia Mbulu mpaka nyika za Hanang. Miaka ishirini. Kila mnara uliowaka alikuwa anasema moyoni kwamba hapo sasa hakuna mwanamke atakayebebwa kwenye kitanda bila daktari kujua.

Ndipo ikaja hiyo mashine.

Mashine yenyewe haionekani. Ni programu tu, iko Dar kwenye makompyuta yao, na kazi yake ni kugawa mtandao. Mnara wa Gehandu una nyuso tatu. Uso wa kwanza unaangalia kijijini, ilipo zahanati na soko. Wa pili unaangalia barabara ya Katesh. Wa tatu unaangalia nyikani kwa wafugaji. Mtandao unaotoka Katesh kwenda kwenye mnara huo ni mmoja na una kiasi chake, kama sufuria moja ya uji, na lazima mtu ashike mwiko. Zamani aliyeushika alikuwa mhandisi, akikosea unampigia simu mnagombana. Sasa mwiko anao huyu asiyeonekana, ambaye amejifunza mwenyewe kwa kutazama watu wanatumia simu wapi, saa ngapi, kwa wingi gani, na anagawa kwa kadiri alivyojifunza.

Lakini kwanza ilibidi afundishwe. Mwaka mzima wa 2021 Clement alizunguka na kishikwambi akijaza fomu. Kila mahali penye watu wengi wa simu alitakiwa kwenda, kutazama, na kuchagua: makazi, soko, shule, au nyumba ya ibada. Halafu swali la mwisho: Je, watu hawa ni wa muda au wa kudumu?

Mwaka huo ndio uliokuwa wa msiba wa mzee Gidamis. Huyu alikuwa mzee mkubwa wa Kibarabaig, mwenye ng'ombe wasiohesabika, na mzee wa namna ile hazikwi leo mkaondoka kesho. Alijengewa bung'eda, kaburi la heshima, kilima cha udongo na fito kinachoinuliwa taratibu, mwezi baada ya mwezi, huku koo zikija kutoka mbali na kukaa. Watu walijenga vibanda. Pombe ya asali ilichemshwa. Na kwa kuwa dunia imebadilika, kila kijana alikuja na simu yake, na nyika ile ambayo haikuwahi kupiga simu kumi kwa siku ikawa inapiga maelfu.

Clement akatumwa akaangalie kuna nini. Alipokelewa na Ezekiel, mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mrefu mwenye shuka jekundu na maneno machache. Akakalishwa, akapewa kibuyu. Alikunywa kwa heshima, maana yeye ni Mwiraqw, na wazee wake na wazee wa hawa walichomana mikuki zamani, kwa hiyo ukikaribishwa unakaribishwa kweli. Kisha akatoa kishikwambi chake, akauliza kama fomu ilivyotaka, "Ezekiel, ndugu yangu, hapa mtakuwepo mpaka lini?"

Ezekiel akamtazama, halafu akakitazama kilima cha baba yake.

"Mzee yuko hapa," akasema. "Na sisi tupo."

Hebu niambie, wewe ungeandika nini? Uko mbele ya kaburi la mtu, pombe yake iko tumboni mwako, mtoto wake amesimama nyuma ya bega lako anasoma kioo, maana Ezekiel alifika darasa la saba na kusoma anajua. Uandike kwamba hawa ni wa muda, watatawanyika? Ni kama kumwambia marehemu kwamba watoto wake watamwacha. Clement aliona aibu mpaka masikioni. Akabonyeza makazi. Akabonyeza ya kudumu. Akashukuru, akapanda pikipiki yake, akasahau.

Bung'eda ikaisha kama inavyoisha. Watu wakarudi makwao, mbuzi wakala majani ya vibanda.

Januari 2022 mashine ikakabidhiwa mwiko. Na mwezi wa pili, zahanati ya Gehandu ikaletewa kitu ambacho Clement alikuwa anakiota tangu ana miaka kumi na saba: mashine ndogo ya utrasaundi, ya kupima wajawazito. Mradi mmoja ndio ulioileta. Muuguzi anapitisha kifaa tumboni, picha inakwenda moja kwa moja kwa daktari aliyekaa Katesh, daktari anasema mtoto amelalaje. Sharti lilikuwa moja. Mpaka mwisho wa Juni ziwe zimemfikia daktari picha arobaini kamili, la sivyo kifaa kinachukuliwa kinapelekwa wilaya nyingine.

Mpaka mwisho wa Machi zilikuwa zimefika mbili.

"Kaka Clement, njoo uone mwenyewe," Restituta alimwambia. Restituta ndiye muuguzi wa pale, dada mmoja wa Mbulu asiyependa kulalamika, na siku hiyo alikuwa karibu kulia. Kitandani alikuwepo mama mmoja, tumbo wazi. Kwenye simu daktari alikuwa anasema, naona kichwa, naona kichwa, subiri, imeganda. Wakasubiri. Imeganda. Mama akavuta kanga yake akafunika tumbo.

"Mimi siyo daktari," Restituta akasema. "Mimi hapo naona ukungu tu. Kama daktari haoni, hiki kitu ni redio mbovu."

Clement akapanda mnara, magoti yake yakilia. Kila kitu kizima. Nyaya nzima, antena nzima. Akashuka, akachukua simu yake akaanza kupima, hatua kwa hatua, kutoka zahanati kuelekea nyikani. Kadiri alivyokwenda porini ndivyo mtandao ulivyopanda. Alipofika kwenye kilima cha mzee Gidamis akafungua video, na video ikakimbia bila hata kukwama. Alikuwa peke yake na mbuzi wawili. Akapiga mahesabu kichwani, akakumbuka kishikwambi, akakumbuka kidole chake. Akakaa chini kwenye vumbi akatukana tusi la Kiiraqw ambalo hapa halitaandikwa.

Unajua mzee Gidamis alikuwa mtu gani? Alipokuwa hai kampuni ilitaka kuweka mnara kwenye malisho yake. Aliwakimbiza wapimaji kwa fimbo, na mmoja wa waliokimbia ni Clement. Alisema kitu chenye kupiga kelele bila mdomo hakitakaa karibu na ng'ombe wake. Hakushika simu mpaka anakufa. Sasa huyo ndiye amepewa sufuria yote.

Clement akampigia Joakimu, mhandisi wa Dar anayeshughulika na programu ile. Joakimu ni kijana mpole. Upole wenyewe ndio unaotia hasira, maana huwezi kumkaripia ukaridhika.

"Kaka Clement, mashine haina upendeleo," alisema. "Inafuata takwimu."

"Takwimu nilizoandika mimi!"

"Ndiyo, na uliandika vizuri sana."

"Joakimu, nisikilize. Pale hapana watu. Ulikuwa msiba."

"Naona matumizi yameshuka, ni kweli. Lakini umeandika makazi ya kudumu. Sasa tuliiambia mashine isiwanyanyase watu wa mbali, wafugaji wakihama na mifugo wasikute wamenyang'anywa mtandao wao. Ikiona makazi ya kudumu yamenyamaza, inawatunzia. Ni kwa ajili ya kuwalinda wananchi."

"Na zahanati?"

"Huko kijijini matumizi yako chini, kaka. Watu hawatumii."

"Hawatumii kwa sababu haupatikani!"

"Ninakuelewa kabisa," Joakimu akasema. "Andika barua. Aina ya eneo inarekebishwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa tatu, mashine inapofundishwa upya. Mwaka huu tumeshapita."

Ndipo barua zilipoanza. Aliandika kwa Joakimu, kwa bosi wa Joakimu, kwa bosi wa bosi. Alipigwa danadana mpaka akachanganyikiwa. Mmoja alijibu kwamba ombi lake limepokelewa. Mwingine akamtumia fomu ya kuomba fomu. Yalikuja majibu yaliyoandikwa na mashine nyingine, yakimshukuru kwa kuwa mteja. Aprili ikapita na picha sita. Restituta aliacha kumuuliza, na hilo lilimuuma kuliko kuulizwa. Clement akawa mtu wa kufoka nyumbani kwa sababu ya chumvi. Mkewe Zita akamwambia, "Baba, kama huo mtandao uko kaburini si muufuate kaburini?" Alisema kwa hasira tu, ili anyamaze. Clement akanyamaza kweli. Asubuhi alikuwa barabarani.

Ezekiel alikuwa nyumbani kwake, amekaa na mama yake, mjane mkubwa wa marehemu, na mkewe Angela aliyekuwa na mimba kubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Clement akaeleza. Ezekiel akawa anamtafsiria mama yake Kibarabaig, na ilikuwa kazi, maana namna ya kumwambia mama mzee kwamba kuna kitu Dar es Salaam kinaamini mumewe anahitaji intaneti haipo. Bibi alipoelewa alicheka mpaka akajifuta macho kwa vazi lake la ngozi. Halafu akasema jambo.

"Anasema waje," Ezekiel akatafsiri. "Wanawake waje wapimwe pale. Wasikanyage kilima. Lakini anasema ukamwombe mzee mwenyewe, kwa mdomo wako. Wewe ndiye uliyempa."

Kwa hiyo Clement Tluway, mwanakwaya wa Kanisa Katoliki Katesh, sauti ya pili, alisimama juani mbele ya kilima cha udongo, amevua kofia. "Shikamoo mzee," alisema. "Ni Clement. Yule uliyenikimbiza na fimbo. Nimekuja kuomba mtandao." Ezekiel alikuwa nyuma yake na hakucheka.

Wakafunga turubai. Restituta akaja na kifaa kwenye pikipiki, kila Jumanne na Alhamisi, na betri ya sola na mkeka. Wa kwanza kulala alikuwa Angela. Picha ikaenda Katesh safi, bila kukwama, na daktari akasema, "Subiri. Rudisha hapo. Huyu mtoto amelala kwa kukingama." Hakusema tena kitu kingine ila aletwe. Angela alifikishwa Katesh siku ileile, akapasuliwa wiki iliyofuata, akapata mtoto wa kike, wakamwita Eva. Clement alipopata habari alikwenda nyuma ya ofisi, akashika ukuta, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Mwisho wa Juni picha zilikuwa arobaini na tatu. Kifaa kikabaki.

Ungedhani ameridhika. Hapana! Kila Jumanne alikuwa anawaona wanawake wa Gehandu wakipita mbele ya zahanati yenye bati, kitanda na shuka safi, wanakwenda saa nzima na nusu na matumbo yao kulala kwenye mkeka porini. Mvua ikija turubai linaruka. Siku moja mama mmoja alikalishwa chini ya mti na miguu imevimba kama mihogo, hawezi kurudi, na Restituta akamgeukia Clement akasema, "Huu ni upuuzi, kaka." Clement alikuwa anahesabu miezi mpaka mwezi wa tatu. Barua ya kumi na tisa aliiandika kwa mkono, akaambatanisha picha ya kaburi.

Mwezi wa tatu ukafika. Joakimu akapiga mwenyewe, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Kaka Clement, hongera! Tumekagua lile eneo lako la nyikani."

Clement akasimama. "Mmeondoa?"

"Tuondoe nini? Mashine ilikuwa sahihi. Tangu mwezi wa tano matumizi yamepanda, mara mbili kwa wiki, picha kubwakubwa. Hapa ofisini tumelitumia kama mfano. Mtu wa kawaida angewanyang'anya wale watu mtandao, mashine ikawasubiri, na kweli wakarudi."

"Joakimu, wale watu ni sisi."

"Eeh?"

"Ni sisi. Tumekwenda pale kwa sababu mmeuweka pale."

"Basi si ndiyo hivyo, kaka," Joakimu akasema kwa upole wake. "Watu wapo. Kijijini sasa ndiyo matumizi yamekwisha kabisa, kwa hiyo mwaka huu patapunguziwa kidogo. Ila barua yako nimeipokea, na kwa kuwa ni wewe, nimekufungulia fomu. Nenda ukajaze upya. Utakachoandika ndicho kitakachokuwa mpaka mwakani."

Alhamisi iliyofuata Clement alikwenda na kishikwambi. Turubai lilikuwa limefungwa, na chini yake walikaa wanawake kumi na moja, wengine kutoka Gehandu kijijini, wengine wafugaji, wakisubiri zamu. Restituta alikuwa ameinama, kifaa mkononi. Daktari alikuwa anaongea kutoka Katesh, sauti yake safi kabisa. Ezekiel alikuwa amesimama na mtoto Eva begani.

Fomu ilifunguka upesi, maana mtandao ulikuwa mzuri. Makazi, soko, shule, nyumba ya ibada. Je, watu hawa ni wa muda au wa kudumu?

Mwaka mzima alikuwa ameungojea ukweli huu, na sasa alikuwa nao kwenye kidole. Akibonyeza ya muda, kesho kaburi litabaki bila kitu, mashine itaupeleka mtandao barabarani kwenye matumizi, siyo zahanati ambako imeshaona pamekufa, na daktari ataganda tena. Labda mwakani zahanati ingepata chake. Labda. Aliwatazama wale kumi na moja. Mmoja alikuwa msichana mdogo wa mimba ya kwanza, na alikuwa anamuuliza mwenzake kama zamu yake imekaribia.

Machozi ya hasira yalimtoka na hakuyafuta. Akabonyeza makazi. Akabonyeza ya kudumu.

Ezekiel alikuwa amesogea, anatazama kioo juu ya bega lake kama siku ile ya kwanza.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika mpo," Clement akasema.